Nani Atajibu Taa Zikiwaka? Filamu za Vijana wa Magenge na Safari Yao ya Jukwaani

Ubishi ulianza mwezi wa Februari, kwenye kikao cha kawaida cha klabu, tulipokuwa tunapanga usiku wa kufunga mwaka. Mwaka jana tuliimba na kughani mashairi. Mwaka huu mmoja wetu alipendekeza tuigize kipande cha dakika ishirini kwa Kiswahili, kitakachotokana na Black, ile filamu ya magenge iliyopigwa hapa hapa Brussels. Nusu ya chumba ilishangilia, nusu ikanyamaza. Mwenzetu mmoja alipofika nyumbani akamsimulia mama yake, mzaliwa wa Bukavu. Jibu lilikuwa fupi: "Munataka kutuonyesha tena ile mambo? Sisi tulisha iona."

Hatukukubaliana. Basi tukafanya kile ambacho walimu wetu hutuhimiza kila siku: kabla ya kubishana, someni historia. Tuligawana kazi, tukatazama filamu, tukasoma habari za michezo ya kuigiza, tukarudi na daftari zilizojaa. Makala haya yametokana na daftari hizo. Tuliyoyaona yanaweza kusemwa kwa sentensi moja: filamu inaweza kuwaonyesha vijana kisha ikaondoka zake, lakini jukwaa humlazimisha mtu asimame mbele ya watu wale wale anaowasimulia. Kwa hiyo swali letu halikuwa tena kama hadithi hizi zinafaa kuigizwa. Tulianza kuuliza ni nani atakayejibu maswali taa za ukumbi zikishawaka.

Hadithi iliyohamahama

Kisa cha Black unakijua hata kabla hujakiona. Msichana wa kundi moja, mvulana wa kundi jingine, mapenzi yasiyoruhusiwa: ni Romeo and Juliet ya Shakespeare. Lakini kisa hicho kilipitia New York ndipo kikawa hadithi ya magenge ya mjini. Mwaka 1949 Jerome Robbins, mtunzi wa dansi, aliwapelekea Leonard Bernstein na Arthur Laurents wazo la mchezo wa nyimbo kuhusu familia ya Kikatoliki na familia ya Kiyahudi, upande wa mashariki wa Manhattan. Wazo likalala miaka sita. Mwaka 1955 Bernstein na Laurents walikutana tena California, wakati magazeti yamejaa habari za magenge ya vijana, wakaona hadithi yao ilihitaji wahusika wengine. Wakaingia vijana waliohamia kutoka Puerto Rico, na mahasimu wao vijana weupe waliozaliwa pale pale. West Side Story ilifunguliwa Broadway tarehe 26 Septemba 1957.

Wanachama wanaosoma fasihi hawatashangaa. Nyerere alipotafsiri The Merchant of Venice mwaka 1969, mfanyabiashara wa Shakespeare aligeuka kuwa mabepari, na kitabu kikaitwa Mabepari wa Venisi. Hadithi ikihama hubeba shida za mji inakohamia.

Filamu ya West Side Story ilitoka mwaka 1961 na kunyakua tuzo 10 za Oscar. Baadhi ya matukio yake yalipigwa katika mitaa ya New York iliyokuwa inabomolewa ili kujenga Lincoln Center. Yaani nyumba za watu maskini zilikuwa mandhari ya filamu wakati wenyewe wanafukuzwa. Maria, msichana wa Puerto Rico, aliigizwa na Natalie Wood, binti wa wahamiaji waliozungumza Kirusi. Bernardo, kiongozi wa genge la Wapuerto Rico, aliigizwa na George Chakiris, Mmarekani mwenye asili ya Kigiriki. Rita Moreno alikuwa Mpuerto Rico halisi, na amesimulia kwamba hata yeye alipakwa rangi ili aonekane mweusi zaidi kuliko alivyo. Ilipita miaka 60 kabla Steven Spielberg hajaitengeneza upya, mwaka 2021, akawaacha wahusika waseme Kihispania bila tafsiri chini ya picha. Wengi wetu tulisimama hapo kwa muda. Sisi tunaokula chakula cha jioni kwa lugha tatu tunajua maana ya kutotafsiriwa: anayetaka kuelewa na asogee karibu.

Kijana wa Zaire katika historia ya La Haine

West Side Story ilitoka jukwaani ikaenda kwenye filamu. Filamu nyingine za vijana walio matatani zimekwenda kinyume chake, na mara nyingi zimechelewa sana. S. E. Hinton alichapisha riwaya yake The Outsiders mwaka 1967, akiwa bado kijana. Francis Ford Coppola akaifanya filamu mwaka 1983. Mchezo wa nyimbo ulifunguliwa Broadway mwaka 2024, miaka 41 baada ya filamu, ukashinda tuzo ya Tony ya mchezo bora wa nyimbo.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Tarehe 6 Aprili 1993, katika kituo cha polisi cha mtaa wa 18 wa Paris, kijana wa miaka 17 aliyeitwa Makomé M'Bowolé alipigwa risasi ya kichwa na afisa aliyekuwa anamhoji. Alikuwa mzaliwa wa Zaire, nchi ambayo wazazi wa wengi wetu waliiacha ikiwa bado na jina hilo. Kifo chake ndicho kilichomfanya Mathieu Kassovitz aanze kuandika La Haine. Filamu hiyo, iliyotolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe, inafuatilia saa zisizofika 24 za marafiki watatu wa kitongoji cha nje ya Paris: Vinz Myahudi, Saïd Mwarabu na Hubert Mwafrika. Ilipata tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes mwaka 1995. Waziri mkuu Alain Juppé aliagiza mawaziri wake waoneshwe.

Tulipolisoma jina la Makomé, chumba kilikuwa kimya. Wengi wetu tuliitazama La Haine shuleni. Walimu walituuliza kuhusu kamera, kuhusu rangi, kuhusu msamiati wa vitongoji. Hatukumbuki hata mmoja wetu kuambiwa jina la kijana ambaye bila kifo chake filamu ile isingeandikwa.

Mwaka 2024 Kassovitz mwenyewe, pamoja na Serge Denoncourt, aliipandisha La Haine jukwaani: rap, dansi ya hip hop na skrini kubwa, katika ukumbi wa La Seine Musicale nje kidogo ya Paris. Jina la mchezo liliongezewa maneno yenye maana kwamba hadi sasa hakuna kilichobadilika. Ilikuwa imepita miaka 29. Mabishano yetu yalianza upya hapo. Wengine walisema ni vizuri, kwa sababu vijana wasiotazama filamu ya zamani watakwenda kuona dansi. Wengine walisema jukwaa kubwa husubiri hadi walioitazama filamu wakiwa vijana wawe na mishahara ya kununua tiketi. Tunadhani yote mawili ni kweli. Mchezo mkubwa wa nyimbo unahitaji fedha, na fedha hupenda hadithi ambayo tayari inajulikana. Ndiyo maana hadithi ya kijana wa leo huchukua miaka mingi kufika kwenye ukumbi mkubwa, na ikifika, kijana yule ni baba wa watu.

Brussels: jukwaa lilitangulia

Hapa kwetu mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine. Jukwaa dogo lilitangulia, filamu ikafuata.

Mwezi wa Desemba 2014 Ismaël Saidi, mwandishi wa Brussels aliyewahi kuwa polisi, alianza kuonyesha mchezo wake Djihad. Vijana watatu wa mji huu wanaondoka kwenda kupigana Syria. Mmoja anampenda Elvis, mwingine anachora katuni za Kijapani, wa tatu alimpenda msichana ambaye hakuruhusiwa kumwoa. Kila mmoja ameacha kitu alichokipenda kwa kuambiwa ni haramu. Mchezo ni wa kuchekesha, na hapo ndipo penye nguvu yake, kwa sababu mtu huwa anacheka kabla hajatambua anacheka nini. Wiki chache baadaye yakatokea mashambulizi ya Paris ya Januari 2015, na Serikali ya Jumuiya ya Wasema-Kifaransa ikautambua mchezo huo kuwa wa manufaa ya umma. Wanafunzi wakaanza kupelekwa na shule zao kuutazama. Na kila baada ya onyesho waigizaji walibaki jukwaani wakazungumza na watazamaji.

Hili la kubaki ndilo tulilolipigia mstari kwenye daftari. Hakukuwa na skrini kubwa, hakukuwa na dansi ya gharama. Kulikuwa na waigizaji wachache na ukumbi uliojaa vijana wenye maswali.

Kisha ikaja Black. Waongozaji wake, Adil El Arbi na Bilall Fallah, ni Wabelgiji wenye asili ya Moroko waliokutana kwenye shule ya filamu hapa Brussels. Waliunganisha riwaya mbili za Dirk Bracke, Black ya mwaka 2006 na Back ya mwaka 2008. Mavela, msichana Mwafrika wa miaka 15, ni wa genge la Black Bronx la Matonge. Marwan, Mmoroko, ni wa genge la 1080, nambari ya posta ya Molenbeek. Wanakutana kituo cha polisi. Waigizaji wakuu, Martha Canga Antonio na Aboubakr Bensaihi, hawakuwa na majina makubwa. Ilikuwa mara yao ya kwanza kubeba filamu. Na wahusika wanazungumza kama watu wa mji huu wanavyozungumza, Kifaransa na Kiholanzi vikigongana.

Ni lazima tuwaeleze wasomaji wasiokaa Brussels kwamba Matonge si genge. Ni mitaa kadhaa ya Ixelles karibu na Porte de Namur, iliyopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Wanafunzi wa Kikongo walianza kukusanyika huko miaka ya 1960, kisha yakafuata maduka ya vitenge, saluni, samaki wa kukausha, sombe na unga wa muhogo. Tangu mwaka 2018 kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba. Jumamosi mama zetu walikuwa wanatuburuta huko tukasukwe nywele. Kwetu sisi Matonge ilikuwa ni kukaa saa tano kwenye kiti, ukisikiliza Kilingala upande huu na Kiswahili upande ule. Katika filamu ni mahali pa kuogopa. Ndiyo maana mama wa mwenzetu alisema alishaona: aliona mtaa wake umekuwa jina la genge.

Black ilifunguliwa katika kumbi za Ubelgiji tarehe 11 Novemba 2015. Siku mbili baadaye Paris ilishambuliwa tena, na Molenbeek ikawa inatajwa kwenye televisheni za dunia nzima. Mwishoni mwa mwezi huo shule na metro za Brussels zilifungwa kwa siku kadhaa kwa hofu ya shambulizi. Sisi tulikuwa na miaka tisa au kumi. Tunakumbuka askari barabarani na wazazi waliokuwa wakipiga simu bila kupumzika.

Hatukuweza kuitazama Black wakati huo. Kwa utaratibu wa Ubelgiji wa miaka ile, filamu ama iliruhusiwa kwa wote, ama ilizuiwa kwa walio chini ya miaka 16. Hapakuwa na ngazi ya katikati. Black ilizuiwa, na tukiangalia ukatili wake hatuwezi kusema walikosea. Lakini Mavela ana miaka 15. Msichana wa umri wake, wa mtaa wake, asingeruhusiwa kuingia kujitazama. Siku za mwanzo kulizuka vurugu kwenye baadhi ya kumbi, vijana wadogo walipokuwa wanazuiwa mlangoni. Ufaransa, mwaka 2016, filamu haikuingia kabisa kwenye kumbi za sinema. Ilitolewa mtandaoni mwezi wa Juni. Kwa hiyo vijana waliosimuliwa waliitazama kwenye simu, vyumbani mwao, bila mtu wa kuulizwa.

Hapo tofauti na Djihad ikawa wazi kwetu. Yote miwili ni visa vya vijana wa Brussels walioharibikiwa, na vilitoka ndani ya mwaka mmoja. Kimoja kiliwafuata vijana mashuleni na kubaki kujibu maswali yao. Kingine kiliwafungia mlango, kisha kikawakuta peke yao. Hatusemi haya kuwalaumu waongozaji, maana filamu haina miguu ya kubaki ukumbini. Tunasema kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ya watu wengine, na haikufanywa.

Nyimbo zinabadilisha nini?

Mwaka 2022 waongozaji wale wale walirudi Molenbeek na filamu Rebel, iliyoonyeshwa Cannes. Aboubakr Bensaihi, yule Marwan wa Black, sasa ni Kamal, kijana anayekwenda Syria na kujikuta mikononi mwa wapiganaji, huku nyumbani mdogo wake akianza kuvutwa na watu wale wale. Ghafla katikati ya hadithi watu wanaimba, wanarap, wanacheza. Baadhi yetu tuliona ni kosa: vita havichezwi dansi. Wengine walisema wimbo unatoa nafasi kwa jambo ambalo kijana hawezi kumwambia mama yake kwa maneno ya kawaida. Bibi zetu wanalijua hili. Msibani na harusini, yale yasiyosemeka huimbwa.

Lakini wimbo pia hupamba. Mwezi wa Februari 2020 Mbelgiji Ivo van Hove alifungua West Side Story mpya Broadway, dansi ikitungwa na Anne Teresa De Keersmaeker, ambaye kundi lake Rosas ni la hapa Brussels. Waliondoa wimbo mmoja mwepesi unaopendwa sana, wakaondoa pia mapumziko ya katikati, wakaweka video kubwa nyuma ya waigizaji, ili mtazamaji asipate pa kukimbilia. Wiki chache baadaye korona ikafunga kumbi zote na mchezo haukurudi. Tulijifunza hapo kwamba hata watu wa jukwaa wenyewe wanajua hatari ya kuifanya damu ya vijana ipendeze machoni.

Mwas wa Nairobi

Tulitafuta mfano wa kwetu, wa Kiswahili, tukaupata Kenya. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012, ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za kunakiliwa, na ili auze anaziigiza barabarani: anapiga bunduki kwa mdomo, anaanguka, anafufuka. Yaani anahamisha filamu hadi jukwaani, na jukwaa lake ni vumbi la kijiji. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ile ile, anaingia kwenye genge. Mchana anafanya mazoezi na waigizaji, usiku anaiba vipuri vya magari.

Wahusika wanaongea Kiswahili na Sheng, na Kikuyu pia. Hakuna anayewatafsiria Kifaransa. Mmoja wetu alisema ilikuwa mara ya kwanza kumwona kijana mwenye matatizo akiwa na lugha ya nyumbani kwao, na kumwona kama binamu, hakumwona kama habari ya polisi. Halafu kuna hili: genge na ukumbi wa maigizo vinamtaka kijana yule yule, kwa sababu vyote viwili vinahitaji mtu jasiri anayeweza kujifanya mwingine. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na wazazi wetu huitumia methali hiyo kila tunapochelewa kurudi. Inaweka mzigo wote kwa mama. Filamu ya Gitonga inauliza habari ya nusu ya pili: ulimwengu wenyewe una walimu gani, na ni nani anayefika mapema, mwalimu wa maigizo au kiongozi wa genge?

Tulivyoamua

Mwezi wa Machi tulikutana tena. Hatukupiga kura, kwa sababu historia ilikuwa imeshalibadilisha swali. Tutaigiza, lakini kwa masharti tuliyojifunza kutoka kwa waliotangulia.

Kwanza, hatutaigiza ukatili. Black ina tukio la kubakwa ambalo wengi wetu tulilikwepa kwa kusukuma video mbele. Jukwaani huwezi kusukuma mbele, na miongoni mwa watazamaji wetu kuna akina mama waliotoka Kivu. Tutachukua mkutano wa kituo cha polisi tu: watoto wawili kwenye benchi wakisubiri wazazi. Mazungumzo tunayaandika wenyewe, upya.

Pili, Mavela wetu ataongea Kiswahili cha Bukavu, kile kile anachoongea nyumbani mwenzetu atakayemwigiza, na hatutamsahihisha kiwe sanifu. Walimu wetu watusamehe kwa usiku mmoja.

Tatu, wadogo zetu wa chini ya miaka 16 wataruhusiwa kuingia, wakifuatana na mzazi au mlezi.

Nne, mchezo utakuwa wa dakika ishirini na mazungumzo ya dakika arobaini. Waigizaji hawatakwenda kubadili nguo. Watabaki pale pale, taa zikiwaka, wajibu. Na kabla ya mchezo kuanza tutalitaja jina la Makomé M'Bowolé, pamoja na umri wake.

Mwenzetu alimpelekea mama yake masharti hayo. Mama akauliza kama wazazi nao wataruhusiwa kuuliza maswali. Akaambiwa ndiyo. "Basi nitakuya," alisema. "Na niko na maswali mingi."